Kivinjari cha Zamani ni Mlango Usiofungwa

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Rungwe Mpya, Wilaya ya Kasulu)



Kila jioni ofisi za umma za nchi hii hufungwa kwa utaratibu mmoja. Madirisha huvutwa, kabati la mafaili hufungwa, kufuli hutiwa mlangoni, na ufunguo hukabidhiwa kwa mtu anayejulikana. Hakuna mwalimu mkuu wa Rungwe Mpya, wala mtendaji wa kijiji au wa kata, ambaye angethubutu kwenda nyumbani akiacha mlango wa ofisi wazi na daftari la mali likiwa mezani. Akifanya hivyo hata mara moja, kesho yake atatakiwa kujieleza. Lakini katika ofisi hiyo hiyo huenda upo mlango mwingine ambao haujafungwa kwa miezi minane, au kwa miaka mitatu, na hakuna aliyeulizwa. Mlango huo ni programu iitwayo kivinjari.

Kivinjari ni ile programu ambayo mtu huifungua anapotaka kusoma kurasa za mtandao, iwe katika kompyuta au katika simu. Wengi huifahamu kwa majina ya Chrome, Firefox, Edge, Opera au Safari. Kwa watu wengi kivinjari ni kioo tu, yaani kitu cha kutazamia mambo yaliyo mbali. Fikra hiyo ina makosa, na makosa hayo ndiyo chanzo cha uzembe mwingi. Kioo hakifanyi kazi. Kivinjari hufanya kazi. Ukurasa unapofunguliwa, kompyuta iliyo mbali hutuma maandishi, picha na maagizo, na kivinjari huyapokea na kuyatekeleza papo hapo, ndani ya mashine ya ofisi. Kwa hiyo kivinjari kinafanana zaidi na karani wa mapokezi. Kutwa nzima hupokea wageni asiowajua, husoma barua zao, na hutimiza mengi wanayomwomba. Karani huyo amewekewa mipaka: asimruhusu mgeni kuingia stoo, asimwonyeshe mafaili ya watu wengine. Usalama wote wa ofisi unategemea kama mipaka hiyo inashika.

Nchi hii ilijifunza zamani, na kwa gharama, kwamba kompyuta si samani ya kununuliwa na kuwekwa. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mashine za hesabu kuleta hasara badala ya nafuu iliyotarajiwa, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake kwa wakati wake. Leo njia ya namna hiyo haipo. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na tangu hapo mawasiliano ya mtandao yamesogea hatua kwa hatua hadi wilayani na vijijini. Mwalimu huomba uhamisho kupitia mfumo wa ESS. Mtumishi hujaza mipango na utekelezaji wa kazi zake katika PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi ya OPRAS. Watahiniwa husajiliwa kwa mtandao, na malipo ya Serikali hupewa namba ya kumbukumbu kwa mtandao. Karibu kazi hizo zote hupita katika mlango mmoja, nao ni kivinjari. Kuukwepa haiwezekani, kinachowezekana ni kuulinda.

Mtu atauliza: ikiwa programu hizi zimetengenezwa na makampuni makubwa yenye wataalamu wengi, kwa nini ziwe na kasoro? Jibu ni kwamba kivinjari cha leo ni miongoni mwa programu kubwa kuliko zote anazotumia mtu wa kawaida. Kina mamilioni ya mistari ya maagizo, kimeandikwa na maelfu ya watu, na kinatakiwa kuelewa kila aina ya maandishi, picha, sauti na video. Penye kazi kubwa kiasi hicho, makosa hayakosekani. Mwaka 2020 watengenezaji wa Chrome walieleza kwamba takribani asilimia 70 ya kasoro kubwa za usalama walizozipata katika programu yao zilitokana na aina moja ya kosa: matumizi mabaya ya kumbukumbu ya kompyuta.

Kosa hilo mwalimu analielewa upesi akilinganisha na daftari la mahudhurio. Tuseme daftari limepigwa mistari 40, na ukurasa unaofuata una maagizo ya mwalimu mkuu. Akaja mtu na majina 45, naye karani, bila ya kuhesabu, akaendelea kuandika. Majina matano ya mwisho yataangukia juu ya maagizo ya mwalimu mkuu na kuyafuta. Sasa, ikiwa mtu yule ni mjanja, hataleta majina matano ya kweli. Ataleta maneno matano yanayosomeka kama maagizo: "Mpe mwenye barua hii ufunguo wa stoo." Asubuhi mtumishi atasoma maagizo hayo akidhani ni ya mkuu wake, na atayatii. Hivyo ndivyo programu inavyotekwa. Hakuna kufuli lililovunjwa. Kilichotokea ni kwamba mtu mmoja hakuhesabu mistari, na mwingine alijua kwamba hakuhesabu.

Mfano wa kweli ni wa Septemba 2023. Kampuni ya Apple na wachunguzi wa Citizen Lab, kitengo cha Chuo Kikuu cha Toronto huko Kanada, walitoa taarifa ya kasoro katika programu ndogo inayotumika kufungua picha za aina ya WebP. Picha iliyotengenezwa kwa hila ilikuwa na uwezo wa kupitiliza nafasi iliyotengewa, kama yale majina katika daftari. Kwa kuwa vivinjari vingi hutumia programu hiyo hiyo ndogo, kasoro moja iligusa Chrome, Firefox, Edge na vinginevyo kwa pamoja. Google ilitoa kiraka cha Chrome tarehe 11 Septemba, na Mozilla ikatoa cha Firefox siku iliyofuata. Wakati viraka vinatoka, tayari walikuwapo waliokuwa wakiitumia kasoro hiyo kushambulia. Hapa pana fundisho kwa wale wanaosema, "Mimi siendi kwenye kurasa mbaya." Picha moja katika ukurasa wa kawaida yatosha.

Ni haki kueleza pia kwamba watengenezaji hawakukaa kimya. Chrome, tangu ilipotolewa mwaka 2008, hufungia kurasa katika namna ya chumba cha wageni, ili mgeni akiharibu, aharibu humo tu. Vivinjari vingine vimefuata utaratibu wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo mshambuliaji wa leo mara nyingi huhitaji matundu mawili: la kuingilia chumbani na la kutokea chumbani kwenda kwingine. Lakini matundu hayo mawili hupatikana, na hupatikana kwa urahisi zaidi katika kivinjari cha zamani, kwa sababu cha zamani kina matundu ambayo dunia nzima imekwisha kuambiwa yalipo.

Jambo hili ndilo kiini cha mazungumzo haya, nalo halijaeleweka vya kutosha. Watu hudhani kwamba kiraka kinapotolewa, hatari imekwisha. Ukweli ni kinyume kwa yule asiyekiweka. Kiraka kinapotolewa, mwizi naye hukichukua. Hulinganisha programu ya zamani na mpya, huona ni mstari upi uliobadilishwa, na hapo hujua ufa ulikuwa wapi. Kwa hiyo siku ya kiraka ni siku ambayo siri ya ufa hutangazwa. Aliyeziba amepona, asiyeziba ametangaziwa ufa wake mbele ya majirani na mbele ya wezi. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa na ufa ambao mwenye nyumba aliuona kabla ya mwingine yeyote. Ufa wa siku hizi mwizi huuona kabla ya mwenye nyumba.

Matukio matatu yanathibitisha maneno hayo, na kila moja lina fundisho lake.

La kwanza ni la mwaka 2010. Tarehe 12 Januari kampuni ya Google ilitangaza kwamba imeshambuliwa, pamoja na makampuni mengine makubwa yasiyopungua ishirini. Mojawapo ya njia zilizotumika ilikuwa kasoro katika kivinjari cha Internet Explorer cha kampuni ya Microsoft. Vyombo vya usalama wa mtandao vya Ujerumani na Ufaransa viliwashauri wananchi wao watumie vivinjari vingine hadi kiraka kipatikane. Kiraka kilitolewa tarehe 21 Januari. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba Microsoft ilikuwa imeifahamu kasoro ile tangu Septemba 2009, na ilikuwa ikikusudia kuiziba Februari. Fundisho la kwanza, basi, ni kwamba lawama si ya mtumiaji peke yake. Mtengenezaji akichelewa, anayeumia ni mwingine. Mnunuzi, na hasa mnunuzi mkubwa kama Serikali, ana haki ya kudai kuzibiwa nyufa kwa wakati.

La pili ni la mwaka 2017. Halikuhusu kivinjari bali mfumo wa Windows wenyewe, lakini somo ni lile lile. Microsoft ilitoa kiraka tarehe 14 Machi. Tarehe 12 Mei, siku 59 baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa katika nchi zipatazo 150 kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Uingereza, nchi yenye fedha na wataalamu, hospitali zilirudisha wagonjwa na miadi ya maelfu ikafutwa, kwa kuwa kompyuta zao hazikuwa zimezibwa. Siku 59 zilitosha kuzunguka mashine zote kwa miguu. Fundisho la pili ni kwamba kiraka kilichopo lakini hakikuwekwa hakina tofauti na kiraka kisichokuwapo.

La tatu linaigusa Kigoma kwa karibu zaidi. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba watu wasiojulikana walikuwa wameingia katika kompyuta zake tangu Novemba 2021. Taarifa za watu zaidi ya 515,000 zilifikiwa: watu waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita au safari za shida, waliopotea, na waliofungwa. Zilikuwa zimekusanywa na vyama vya kitaifa visivyopungua 60 duniani. Mlango ulikuwa programu ya mtandao ambayo kiraka chake kilikwisha kutolewa Septemba 2021, na Kamati yenyewe ilieleza wazi kwamba kiraka hicho hakikuwekwa kwa wakati. Hata shirika linaloheshimiwa hivyo, lenye nia njema kuliko wengi, lilinaswa kwa miezi miwili ya kuchelewa.

Mtumishi wa Kasulu au wa Kibondo hawezi kulisikia tukio hilo kama habari ya mbali. Kambi ya Nyarugusu ipo Kasulu tangu mwaka 1996. Kambi ya Nduta iliwekwa Kibondo. Kazi ya kuwaunganisha ndugu waliopoteana imefanyika katika kambi hizo kwa miaka mingi, na watu wa wilaya hizi wanajua, kwa kuona na si kwa kusimuliwa, mtu anayekimbia huwa anakimbia nini. Jina la mtu wa namna hiyo, kijiji alichotoka, na mahali alipo mtoto wake si maneno ya kujazia fomu tu. Yakiangukia mikononi mwa yule anayemtafuta, ni maisha yake.

Na si mkimbizi peke yake. Katika kompyuta ya shule ya msingi mna majina ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa, majina ya wazazi na namba zao za simu. Katika kompyuta ya zahanati mna habari za wagonjwa. Katika simu ya mtumishi mna neno la siri la mfumo ambao mshahara wake, mkopo wake na uhamisho wake hupitia. Kivinjari kikitekwa, aliyekiteka huona anachokiona mwenyewe na huandika kwa jina lake. Ile alama ya kufuli ambayo watu wamefundishwa kuitafuta katika anwani ya ukurasa haisaidii hapo. Kufuli hilo hulinda safari ya maneno barabarani; halilindi maneno hayo yakiwa tayari ndani ya nyumba iliyoingiliwa. Na jambo baya likifanyika kwa jina la mtumishi, wa kwanza kuitwa atakuwa yeye.

Sheria nazo zimesema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu anayeingia katika mfumo wa mwingine bila ya idhini. Lakini sheria hiyo humshughulikia mwizi akikamatwa, haizibi ufa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imekwenda mbele zaidi: anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda. Kwa hiyo shule iliyoandika jina la mtoto imebeba dhamana, na dhamana haitimizwi kwa kompyuta iliyoachwa kama ilivyoletwa na mfadhili.

Zipo sababu ambazo watumishi hutoa kwa kutosasisha vivinjari vyao, na ingekuwa dharau kuzipuuza.

Ya kwanza ni gharama ya bando. Sababu hii ni ya kweli. Mwalimu anayenunua bando kwa fedha yake ili ajaze taarifa za Serikali, kisha akaona megabaiti zake zikimezwa na sasisho asilolielewa, hawezi kulaumiwa akilizima. Lakini suluhisho si kulizima. Sasisho la kawaida huleta sehemu iliyobadilika tu, na huwa dogo kuliko programu nzima. Linalomeza bando ni lile la mtu aliyekaa mwaka mzima bila kusasisha. Tena Chrome na Firefox hutoa faili kamili la kusakinisha, ambalo hupakuliwa mara moja na kuwekwa katika kompyuta kumi kwa flashi moja. Zaidi ya hayo, bando la kazi ya umma ni gharama ya umma. Shule inayopanga bajeti ya chaki na karatasi, ipange na megabaiti za kuziba nyufa. Wakuu wa idara wanaodai taarifa kwa mtandao kila wiki nao waulizwe: mlango ambao taarifa hizo zinapitia unatunzwa kwa fungu lipi?

Ya pili ni uzee wa mashine. Kompyuta nyingi zilizofika mashuleni zilikwisha kutumika kwingine. Microsoft iliacha kutoa viraka vya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Toleo la 109 lilikuwa la mwisho la Chrome kwa mashine za Windows 7, na tangu Februari 2023 matoleo mapya hayaingii humo. Viraka vya kawaida vya Windows 10 navyo vilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Hapa kuna swali la haki. Mashine ambayo kibao chake kinaandika na skrini yake inaonyesha huambiwa imekufa, si kwa kuwa imevunjika, bali kwa kuwa aliyeiuza ameamua kuacha kuitunza. Nchi maskini hupokea mashine hizo kama msaada, na pamoja nazo hupokea nyufa zake. Njia moja ya kujitegemea ipo: mfumo wa Linux, ambao hauuzwi, huziwezesha mashine nyingi za zamani kuendesha kivinjari cha kisasa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden, walionyesha mwaka 2004 kwamba kazi ya aina hii inawezekana hata kwa lugha ya taifa, walipotoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Na pale ambapo mashine haisaidiki, iondolewe katika mtandao na ibaki kuandikia barua na mitihani. Mzee hafukuzwi nyumbani. Hupewa kazi anayoiweza.

Ya tatu ni lugha. Tangazo la sasisho hujitokeza kwa Kiingereza, na mtu asiyelielewa hulifunga ili aendelee na kazi. Chrome huweza kuwekwa katika Kiswahili, na ofisi nyingi hazijui hivyo. Anayejua na amwonyeshe mwenzake.

Ya nne ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni ile kauli ya, "Nani atahangaika na sisi huku Rungwe Mpya?" Kauli hiyo hudhani kwamba mwizi wa mtandao huchagua nyumba kwa kuitazama. Hachagui. Programu yake hujaribu kila mlango duniani, usiku na mchana, na huingia palipo wazi. Tena kompyuta iliyotekwa huwa njia ya kupitia kwenda kwingine. Mkulima wa Kasulu analijua jambo hili kuliko mtaalamu yeyote. Batobato ya muhogo haiulizi shamba ni la nani. Hupita kwa nzi weupe, na hupita kwa mbegu ambayo jirani alimpa jirani kwa nia njema. Mwenye shamba dogo akisema shamba lake halina maana, ndilo linalotunza ugonjwa kwa ajili ya kijiji kizima. Flashi inayotoka shule hadi shule, na kutoka shule hadi halmashauri, ni pingili ya muhogo.

Basi, kifanyike nini?

Kwanza, kila ofisi na kila shule imtaje mtu mmoja ambaye wajibu wake, mara moja kwa wiki, ni kukagua vivinjari vyote. Kazi hiyo haitaki fundi. Hufunguliwa orodha ya kivinjari, sehemu ya usaidizi au ya "kuhusu" programu, na kivinjari chenyewe hujikagua na kusema kama kipo sawa. Wiki si muda uliobuniwa tu. Tangu Agosti 2023 Chrome hutolewa viraka vya usalama kila wiki. Siku ikichaguliwa, tuseme Jumatatu kabla ya kazi, iandikwe katika daftari kama yanavyoandikwa mahudhurio.

Pili, kivinjari kifungwe na kufunguliwa upya. Watumishi wengi huacha kompyuta zao zikilala wiki nzima bila kufunga chochote. Kiraka kimekwisha kupakuliwa, kipo ndani ya mashine, lakini hakifanyi kazi mpaka programu ianze upya. Ni kama bati jipya lililoegeshwa ukutani huku mvua ikinyesha kupitia paa lile lile.

Tatu, simu zisisahauliwe. Kwa watumishi wengi wa vijijini simu ndiyo kompyuta. Kivinjari cha simu mara nyingi husasishwa katika duka la programu la simu yenyewe.

Nne, watu wajihadhari na sasisho bandia. Matapeli wamejua kwamba wananchi wanahimizwa kusasisha, nao hutengeneza kurasa zinazotangaza, "Kivinjari chako kimepitwa na wakati, bonyeza hapa." Kanuni ni nyepesi: sasisho la kweli huletwa na kivinjari chenyewe katika orodha yake, au duka la simu. Haliletwi na ukurasa uliokuwa ukisomwa, wala na ujumbe wa WhatsApp, wala na flashi ya mtu wa njiani. Yanayobandikwa katika kivinjari kwa urembo au kwa kupata sinema za bure yapunguzwe, maana kila kinachoongezwa ni dirisha jingine la kulinda.

Tano, taarifa zitafutwe mahali pake. Kitengo cha TZ-CERT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, hutoa tahadhari za kasoro za programu, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ina wajibu wa kusimamia matumizi ya mtandao katika taasisi za umma. Tahadhari hizo hazifai kuishia makao makuu. Maofisa wa TEHAMA wa halmashauri wazifikishe kwenye kata kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa simu ikibidi, na siku hiyo hiyo.

Mwalimu ana nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa kuwa anachokifanya huigwa. Mtoto anayemwona mwalimu wake akilifunga tangazo la sasisho kwa hasira atafanya hivyo hivyo atakapokuwa karani wa benki au mhasibu wa wizara. Anayemwona akisubiri dakika tano ili kiraka kiingie amejifunza nidhamu ya kazi bila ya kufundishwa kwa fimbo.

Jina la Rungwe Mpya lina neno "mpya". Lakini kijiji hakibaki kipya kwa jina. Hubaki kipya kwa sababu kila mwaka, kabla ya mvua, watu hupanda juu ya mapaa yao, hutafuta palipochakaa, na huziba. Hakuna anayeona aibu kwamba paa lake lilipata tundu. Aibu ni kuliona tundu na kulala chini yake. Vivinjari navyo vitaendelea kutoboka kwa muda wote ambao binadamu ataviandika. Kesho Jumatatu itafika, na katika ofisi moja ya shule kompyuta itawashwa. Ndani yake mna majina ya watoto wa watu. Atakayeketi mbele yake azibe kwanza, kisha ndipo aanze kazi.